Nambari ya Mwanafunzi Kwanza, Kiwango Baadaye

Mwalimu wa chuo cha kiufundi hapa Kisumu hutumia mifumo isiyopungua mitatu kwa wiki, na hakuna hata mmoja unaojua kwamba mingine ipo. Wa kwanza ni mfumo wa usajili, ambamo mwanafunzi hulipa karo na kupewa nambari yake. Wa pili ni mfumo wa masomo, ambao mara nyingi huwa ni Moodle, kwa kuwa haina ada ya leseni na inaweza kukaa kwenye seva ya chuo chenyewe. Wa tatu ni chochote ambacho idara fulani ilijinunulia: jukwaa la mazoezi ya hisabati, la mitihani au la video. Muhula unapoanza, orodha za majina hutolewa kwenye mfumo wa kwanza, husafishwa kwa mkono kwenye lahajedwali, kisha hupakiwa kwenye wa pili. Muhula unapokwisha, alama hurudi kwa njia iyo hiyo, tena kwa mkono. Mimi hutunza seva ya masomo ya chuo kimoja cha aina hiyo, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni kubeba data kutoka mlango mmoja hadi mwingine.

Viwango vya kuifanya mifumo hii ishirikiane vipo tangu zamani, vingi vinaweza kusomwa na yeyote bila malipo, na Moodle yenyewe inavielewa vile vilivyo muhimu. Nimefikia kuamini kwamba tunakwama kwa sababu kuna mambo mawili ambayo hakuna kiwango kitakachotuamulia, nasi hatujayaamua: mwanafunzi atambulishwe kwa kitu gani, na kufaulu kuwe na maana gani. Mkandarasi akija na slaidi zake akatuahidi kwamba mfumo wake utaunganishwa na wetu, huwa anazungumzia waya. Hayo mawili hayagusi.

Historia ya viwango hivi inaeleza kwa nini vina umbo vilivyo nalo. Mwaka 1988 sekta ya usafiri wa ndege iliunda kamati iliyoitwa AICC, kwa sababu mashirika ya ndege yalikuwa yanauziwa mafunzo yanayotolewa kwa kompyuta ambayo kila moja yalihitaji mitambo yake. Mwaka 1997 Idara ya Ulinzi ya Marekani ikaanzisha mpango wa ADL, wa kufundishia kwa njia za kielektroniki, na Januari 1999 Rais Bill Clinton akatia saini amri ya kuhimiza matumizi ya teknolojia katika mafunzo ya wafanyakazi wa serikali kuu. Toleo la kwanza la SCORM, kiwango cha mpango huo cha kufunga somo zima katika kifurushi kimoja kinachoweza kufunguliwa na mfumo wowote wa masomo, lilitoka mwaka 2000, na toleo la 1.2, ambalo bado tunakutana nalo kila siku, lilitoka Oktoba 2001. Waliofikiriwa walikuwa wafanyakazi wa ndege, wanajeshi na watumishi wa serikali: mtu mmoja mbele ya kompyuta moja, mwenye kitambulisho cha kazi kisichobadilika, anayesoma somo lenye mwanzo na mwisho. Msichana wa Nyalenda anayesoma usiku kwa simu ya mamake, kwa bando la kukopa, hakuwa akilini mwa mtu yeyote, na hatuna haki ya kushangaa tukiona baadhi ya mambo hayamtoshi.

Acha nieleze jinsi kifurushi kinavyofanya kazi, kwa maana wengi wetu tunakipakia bila kukifungua. Mwenzangu anayefundisha umeme katika chuo kimoja cha Nakuru alitengeneza somo la usalama katika ufungaji wa paneli za sola, akalihifadhi kama SCORM 1.2, akanitumia. Kifurushi hicho ni faili ya zip tu. Ndani yake mna kurasa za wavuti, picha, sauti, na faili moja inayoitwa imsmanifest.xml, ambayo inataja jina la somo, mpangilio wa sehemu zake, faili zote zilizomo, na ukurasa unaopaswa kufunguliwa kwanza. Faili hiyo lazima ikae juu kabisa. Mtu akikunja folda nzima kuwa zip badala ya kukunja vilivyomo ndani yake, imsmanifest.xml hujikuta ngazi moja chini, na Moodle hukataa kifurushi chote kwa kudai kwamba haipo. Kosa hilo dogo limewafanya walimu wengi waamini kwamba masomo yao yameharibika.

Somo likishafunguka, ukurasa wake hutafuta, katika dirisha lililoufungua, kitu chenye jina API ambacho mfumo wa masomo umekiweka hapo. Ukikipata, huanza kukitumia salamu fupi fupi: nimeanza, mwanafunzi amefika hapa, alama zake ni hizi, hifadhi, nimemaliza. Ufupi huo ndio uliokifanya kiwango hiki kidumu kwa zaidi ya miaka 20. Ndiyo sababu pia somo la SCORM kwa kawaida hulazimika kukaa kwenye seva ile ile ya mfumo wa masomo. Likiwekwa kwenye tovuti nyingine, kivinjari, kwa sababu za usalama, hakiruhusu ukurasa wa tovuti moja uguse vya ndani vya ukurasa wa tovuti nyingine.

Somo la Nakuru liliingia Kisumu bila tatizo. Wanafunzi walilifanya, wakafaulu, na alama zikaonekana kwenye daftari la alama. Lakini tiki inayoonyesha kwamba shughuli imekamilika haikutokea kwa mtu yeyote aliyefaulu. SCORM 1.2 ina uwanja mmoja tu wa hali ya somo, na ndani yake hukaa neno moja kati ya sita: amefaulu, amekamilisha, amefeli, hajakamilisha, amepitia tu, au hajajaribu. Kule Nakuru kifurushi kilipangwa kitangaze kufaulu au kufeli, kwa kipimo cha asilimia 80. Huku kwetu Moodle ilikuwa imepangwa itambue neno la kukamilisha peke yake. Mwanafunzi aliyepata 90 alitangazwa kuwa amefaulu, na mfumo wetu ukaendelea kungoja neno jingine ambalo halikuwa njiani. Pande zote mbili zilifuata kiwango bila kasoro. SCORM 2004 ilitenganisha kukamilisha na kufaulu kuwa nyanja mbili, ila Moodle haijawahi kuliunga mkono toleo hilo kikamilifu, na kwa hiyo suluhisho lilipatikana kwa simu: tulikubaliana kwamba kifurushi chochote kinachovuka kati ya vyuo vyetu kitangaze kufaulu, na tiki ifuate neno hilo. Makubaliano hayo yana ukubwa wa nusu ukurasa, nayo yametufaa kuliko programu yoyote tuliyowahi kuongeza.

Kuna kikomo kingine ambacho afadhali mwalimu akijue kabla hajaanza kutengeneza somo refu. Toleo la 1.2 linaruhusu herufi 4,096 tu za kuhifadhi mahali mwanafunzi alipofikia. Somo lenye slaidi nyingi na maswali mengi huzijaza, ziada hukatwa au kukataliwa, na mwanafunzi aliyefika mwisho jana hurudishwa mwanzo leo. Moodle ina mpangilio unaolegeza kikomo hicho, lakini siku somo litakapohamia kwenye mfumo unaokishika kwa ukali, tatizo litarudi. Mimi napendelea masomo mafupi kumi kuliko moja refu, hata kabla ya kuzungumzia bei ya bando.

Kuhusu maswali ya mitihani na kozi nzima nitapita haraka. Kuna QTI kwa ajili ya maswali na Common Cartridge kwa ajili ya kozi, vyote viwili kutoka shirika lililokuwa likiitwa IMS Global, ambalo tangu 2022 linaitwa 1EdTech. Vyuo viwili vinavyotumia Moodle havihitaji chochote kati ya hivyo, kwa kuwa faili ya nakala rudufu ya Moodle yenyewe inatosha. Umuhimu wake huonekana siku chuo kimoja kinapohamia mfumo mwingine.

LTI ni jambo jingine kabisa, na kwa maoni yangu ndicho kiwango ambacho vyuo vyetu vingefaidika nacho zaidi. Hapa somo halihamishwi. Anayehamishwa ni mwanafunzi. Anabonyeza kiungo ndani ya Moodle, anajikuta ndani ya jukwaa la mazoezi akiwa ameshaingia, bila neno la siri la pili, na alama zake zinarudi zenyewe. Toleo la kwanza lilitoka 2010 na lilitegemea siri moja iliyoshirikiwa na pande mbili, ambayo mara nyingi ilitumwa kwa barua pepe na kusahaulika humo. Toleo la 1.3, la mwaka 2019, liliacha njia hiyo. Sasa Moodle huandika ujumbe mfupi unaosema mwanafunzi ni nani, yuko kozi gani na ana wadhifa gani, huutia saini kwa ufunguo wake wa siri, na jukwaa la upande wa pili huukagua kwa ufunguo wa wazi ambao Moodle imeutangaza kwenye anwani inayojulikana. Ni kama barua ya chifu: karani wa ofisi unayokwenda hakujui wewe wala kwenu, ila anaujua muhuri. Pamoja na hilo zimo huduma tatu za ziada, yaani kupeleka orodha ya darasa, kurudisha alama, na kumwezesha mwalimu kuchagua zoezi moja mahususi badala ya kumtupa mwanafunzi kwenye ukurasa wa mbele.

Jambo dogo kwa wanaotunza seva zao wenyewe: ujumbe huo una muda wa kuanza na wa kuisha, na kwa kawaida ni wa dakika chache. Umeme ukipotea, seva ikawaka upya na saa yake ikiwa nyuma, jukwaa la upande wa pili litaukataa kila ujumbe kwa maelezo yasiyoeleweka, na utashinda siku nzima ukikagua funguo zisizo na kosa. Kagua saa kwanza. Hakikisha seva inasawazisha saa yake yenyewe kupitia mtandao.

Sasa nije kwenye utambulisho, ambapo ndipo kazi nyingi hupotelea. Barua ya chifu ina thamani ikiwa jina lililomo ni la mtu mmoja tu. LTI 1.3 hudai kila mwanafunzi awe na kitambulishi kisichozidi herufi 255, na kitambulishi hicho huhesabiwa kuwa cha pekee ndani ya mfumo uliokitoa tu. Moodle ya Nakuru inaweza kumtaja mwanafunzi wake kwa 1408, na ya Kisumu ikamtaja wake kwa 1408, na jukwaa la tatu likawatofautisha kwa kuangalia ni nani aliyetoa. Hapo kiwango kinatosha. Hakitoshi pale mtu yule yule anapotokea kwenye mifumo mitatu kwa sura tatu, na hiyo ndiyo hali yetu.

Watu hukimbilia barua pepe. Wanafunzi wetu wengi hufungua anwani siku ya usajili kwa sababu fomu imedai, huisahau kabla ya wiki ya pili, na hufungua nyingine. Wengine hutumia nambari ya simu, lakini laini hubadilishwa, huazimwa, na isipotumiwa kwa muda mrefu hupewa mtu mwingine. Katika familia nyingi laini moja ni ya mzazi na watoto wote. Halafu kuna majina.

Viwango vingi, kikiwemo OneRoster, kile cha kubadilishana orodha za wanafunzi na madarasa, hudai jina la kupewa na jina la ukoo. Chukua mwanafunzi ambaye cheti cha kuzaliwa kinamwita Mercy Achieng' Otieno, hati ya matokeo inamwita Otieno Mercy A., na fomu ya chuo imemwandika Achieng' Mercy. Achieng' ni jina la aliyezaliwa mchana, wala si la ukoo. Otieno ni la babake, aliyezaliwa usiku. Karani wa kwanza ataweka moja kwenye uwanja wa ukoo, wa pili ataweka jingine, na hakuna atakayekuwa amekosea kwa mujibu wa nyumbani kwao. Mfumo unaolinganisha watu kwa majina utawaona wanafunzi watatu, na mmoja wao atakuwa na alama zote huku wawili wakiitwa watoro.

Hata majina yakipangwa sawa, kuna ritifaa. Ukanda huu wote umejaa majina yenye alama hiyo: Achieng', Ochieng', Ng'etich, Nyang'au, Ong'ondo. Kwenye kompyuta alama hiyo ina sura zaidi ya moja, iliyonyooka na iliyopinda, na kwa mashine hizo ni herufi tofauti kabisa. Simu nyingi na programu za kuandikia huipinda zenyewe bila kuuliza. Orodha ikihifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8, yaani namna mojawapo ya kuandika herufi ndani ya kompyuta, kisha lahajedwali ikaifungua kwa usimbaji wa zamani wa Windows, Ng'etich yenye ritifaa iliyopinda hugeuka Ngâ€™etich, na nimeiona sura hiyo ikichapishwa kwenye cheti. Wapo waandaaji wa programu wasiojali ambao hufuta ritifaa yote ili mambo yaende. Hilo silikubali. Jina la mtu si takataka ya kusafishwa, na Ngetich akienda kulinganishwa na Ng'etich wa mfumo mwingine tumerudi pale pale.

Kwa hiyo jina libaki la kusomwa na binadamu, na mashine ipewe nambari. Moodle ina uwanja wa nambari ya utambulisho kwa kila mtumiaji, ambao katika seva nyingi nilizozifungua ni mtupu. Nambari ya usajili ya chuo ndiyo inayofaa kukaa hapo, ila nayo ina mitego yake. Nambari zetu nyingi zina mikwaju, na mkwaju ukiingia kwenye anwani ya wavuti bila kusimbwa hugeuka kuwa mpaka wa folda. Nambari iliyoundwa kwa tarakimu na mikwaju mitupu, mathalani 12/03/24, lahajedwali huichukua kuwa tarehe. Ile inayoanza kwa sifuri hupoteza sifuri yake. Sisi tuliamua kwamba ndani ya mifumo nambari iandikwe kwa herufi kubwa, kistari kichukue nafasi ya mkwaju, kila safu ya lahajedwali ihesabiwe kuwa maandishi, na nambari ya mwanafunzi aliyeondoka isipewe mwingine kamwe. Mfumo wa usajili ndio pekee wenye ruhusa ya kuzaa nambari. Mingine yote huipokea. Baada ya hapo kuandaa faili za OneRoster, moja ya watu, moja ya madarasa na moja ya nani yuko darasa gani, ikawa kazi ya programu fupi inayojiendesha usiku.

Nambari ya kitaifa haingerahisisha mambo? Huenda, na mfumo wa serikali wa NEMIS ulipowapa wanafunzi wa shule nambari moja wazo lilikuwa zuri. Lakini nambari hiyo ilifungwa kwenye cheti cha kuzaliwa, na wapo watoto waliokaa nje ya orodha kwa kukosa karatasi hiyo. Aidha, nambari ya serikali ikisambazwa kwa kila muuza mazoezi ya hisabati, mwanafunzi anafuatwa na data zake mahali pote bila kujua. Ningeiweka ndani ya mfumo wa usajili na kuwapa wa nje nambari ya chuo tu.

Uzuri wa utambulisho uliotulia huonekana zaidi kwenye xAPI, kiwango kilichotoka kwa toleo la 1.0 mwaka 2013 na kuwa kiwango rasmi cha IEEE, shirika la kimataifa la wahandisi, mwaka 2023. Humo kila tukio huandikwa kama sentensi yenye mtendaji, kitenzi na kitu: fulani amejibu swali la nne, fulani ametazama video, fulani amekamilisha kazi ya karakana. Sentensi hutumwa kwenye hifadhi maalumu ya kumbukumbu za kujifunza, na si lazima zitoke ndani ya kivinjari. Kishikwambi kinaweza kuziweka akiba wakati mwanafunzi yuko nyumbani Mfangano na mtandao umekatika, kisha kikazituma atakapofika Mbita. Kila sentensi ina kitambulishi chake cha pekee, kwa hiyo ikitumwa mara mbili haihesabiwi mara mbili. Tena ina nyakati mbili, wakati jambo lilipotokea na wakati lilipopokelewa. Kwa mwalimu anayetaka kujua kama kazi ilifanywa kabla ya saa sita usiku, tofauti hiyo ni ya maana sana, mradi wakati uandikwe pamoja na ukanda wake wa saa tatu mbele ya saa ya dunia. Seva inayorekodi kwa saa ya dunia bila kusema hivyo itakuonyesha kwamba kazi iliyoingia saa sita usiku iliingia saa tatu.

Mtendaji wa sentensi hizo anaweza kutajwa kwa barua pepe, au kwa akaunti, yaani anwani ya mfumo pamoja na jina lake ndani ya mfumo huo. Programu nyingi huchagua barua pepe zisipoelekezwa. Sisi tunadai akaunti, na ndani yake nambari ile ile ya usajili. Vitenzi navyo vinahitaji kuangaliwa, kwa kuwa kiwango kinamruhusu mtu yeyote kubuni chake, na jukwaa moja likiandika amemaliza kwa anwani yake na jingine kwa anwani tofauti, ripoti haitajua kwamba ni kitenzi kimoja. Kiwango cha cmi5, cha mwaka 2016, kilipunguza uhuru huo kwa kutaja orodha fupi ya vitenzi ambavyo somo na mfumo lazima vielewane navyo. Kwa chuo kinachoanza leo, ningeshauri kianze hapo.

Jambo la pili ambalo hakuna atakayetuamulia ni alama. LTI ya zamani ilirudisha nambari kati ya 0 na 1. Mpya hurudisha alama alizopata mwanafunzi pamoja na upeo wake, mathalani 18 kati ya 20. Lakini mafunzo ya umahiri ya vyuo vya kiufundi, yanayotathminiwa na TVET CDACC, baraza la mitaala na tathmini la vyuo hivyo, hutaka mwishowe kujua kama mwanafunzi ameumudu ustadi au bado, na shule chini ya mtaala wa umilisi hutumia viwango vinne: kuzidi matarajio, kuyafikia, kuyakaribia, na kuwa chini yake. Katika KJSEA, mtihani wa mwisho wa Gredi ya 9, kila kimoja kiligawanywa mara mbili, vikawa 8. Msambazaji atakuambia hilo ni rahisi, kwamba chini iwe 1 na kuzidi iwe 4. Kisha mfumo utafanya kile ambacho mifumo hufanya na nambari, yaani utatafuta wastani. Mwanafunzi aliyezidi matarajio katika kuunganisha nyaya na kuwa chini yake katika usalama atapewa 2.5, nambari ambayo haimaanishi chochote, na inayoficha kwamba mtu huyu anaweza kujiua kazini.

Njia tuliyoichagua haina urembo. Nambari hupita kwenye uwanja wa alama kwa sababu lazima kitu kipite hapo; kiwango alichofikia mwanafunzi huandikwa kwa kifupi chake kwenye uwanja wa maoni, ambao huduma ya LTI ya kurudisha alama inao; na hesabu ya wastani imezimwa katika kozi zote za aina hiyo. Kila ustadi una safu yake ya alama. Daftari limekuwa refu kwa kutazama, na walimu wamelalamika kwa haki, ila hakuna aliyefichwa ndani ya wastani.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inatupa hoja ambayo wanunuzi wengi hawaitumii. Kifungu cha 38 kinampa mwenye data haki ya kuipokea katika muundo uliopangika, unaotumika sana, na unaosomeka kwa mashine. Tuliwahi kuomba kumbukumbu za wanafunzi wetu kutoka kwa muuzaji mmoja, tukaletewa PDF za ripoti moja moja, zenye nembo yake kila ukurasa. PDF ya namna hiyo ni picha ya data. Kifungu cha 33 nacho kinadai idhini ya mzazi au mlezi kwa data za mtoto, jambo linalozihusu shule zote zinazounganisha madarasa yao na majukwaa ya nje, na LTI inaruhusu kuzima jina na barua pepe ili jukwaa lipokee kitambulishi peke yake. Mazoezi ya hisabati hayahitaji kujua mtoto anaitwa nani.

Katika zabuni, maneno kwamba mfumo uwe na uwezo wa kuunganishwa na mifumo mingine hayana thamani, kwa sababu kila muuzaji atajibu ndiyo. Taja kiwango na toleo: LTI 1.3 pamoja na huduma zake tatu, OneRoster 1.1 au zaidi, SCORM 1.2 au cmi5. Waulize kama bidhaa yao imo kwenye orodha ya 1EdTech ya zilizoidhinishwa, ambayo iko wazi kwa umma, na uitazame mwenyewe. Kisha dai jaribio kabla ya malipo ya mwisho, kwa wanafunzi wa kubuni mnaowaandaa ninyi: mmoja mwenye ritifaa mbili katika jina lake, mmoja mwenye jina moja tu, wawili wenye majina yanayofanana herufi kwa herufi, mmoja aliyehama kozi katikati ya muhula, mmoja ambaye nambari yake inaanza kwa sifuri. Wasajiliwe, wafanye somo, alama zirudi, kisha data zao zitolewe zote na kupakiwa kwenye Moodle tupu. Kazi hiyo huchukua alasiri moja ikiwa mfumo ni mzuri, na usipokuwa mzuri, gharama ya kuurekebisha ibaki kwa muuzaji, kwa kuwa salio bado liko kwenu.